Zawadi Iliyokataa Kufunguka

Shangazi yangu anajua kufunga vitu. Nikisema hivi watu huitikia tu kwa adabu na kuendelea na chai yao, maana nani asiyejua kufunga kitu? Basi ngoja nieleze vizuri. Nyumbani kwake rimoti ya televisheni imevikwa plastiki, juu ya plastiki kuna kitambaa, juu ya kitambaa kuna raba, na ukitaka kubadilisha stesheni unabonyeza kwa kiwiko. Chumvi iko ndani ya kopo, kopo liko ndani ya mfuko, na mfuko uko ndani ya kopo kubwa zaidi. Ukila kwa Shangazi na ukahitaji chumvi, iombe mapema, ikiwezekana kabla chakula hakijainjikwa. Marehemu mume wake, mtu mpole aliyekuwa fundi wa saa, aliwahi kuninong'oneza kwamba walinunua kochi pamoja siku za mwanzo za ndoa na tangu siku hiyo hakuwahi kuiona tena rangi yake.

Kazini ndiyo usiseme. Ghala letu linasafirisha vitu vinavyovunjika: vioo, masinki, sahani, taa za kuning'iniza. Shangazi alikuwa mkuu wa meza ya kufungia. Siku moja lori letu lilipinduka mtaroni, dereva akavunjika mkono, lakini vikombe vilivyofungwa na Shangazi vilitolewa kimoja kimoja vikiwa vizima, bila hata ufa. Dereva alikaa kando ya barabara akivitazama kwa uchungu.

"Yule mama angenifunga na mimi," alisema.

Mimi nafanya kazi ghala hilohilo, upande wa pili, kwenye meza ya vilivyorudi. Mteja akiukataa mzigo, unaletwa kwangu, naufungua na kuangalia una kasoro gani. Yaani yeye anafunga, mimi nafungua. Katika ukoo mzima hakuna anayemwelewa kuliko mimi, na hakuna mwingine mwenye makovu ya kisu kwenye vidole. Kufunga kwangu mimi kusitajwe. Nikifunga mkate dukani, vipande vinanifuata nyuma barabarani.

Kuna desturi moja ya pale mezani ambayo lazima niitaje, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Mfungashaji akimaliza mzigo anauchora alama yake kwa kalamu nzito. Mmoja anachora nyota, mwingine jicho. Shangazi anachora fundo dogo. Sasa ukipita ukauona mzigo wa mwenzako umefungwa hovyo, humsemi. Humwiti mkubwa. Unaufunga tena juu yake palepale, kimya kimya, unaondoka zako, na mwenzako hajui kamwe kwamba ulimsitiri. Desturi hii aliianzisha Shangazi mwenyewe, na wote waliokuwa pale mezani aliwafundisha yeye. Ni desturi nzuri sana. Natamani isingekuwepo.

Haya, Krismasi. Kila mwaka ghala linawafanyia sherehe watoto wa wafanyakazi. Malori yanatolewa nje, sakafu inafagiliwa, na michezo inachezwa katikati ya rafu. Kuna mbio za magunia, na magunia tunayo. Kuna kuvuta kamba, na kamba tunazo hadi tunaota kamba. Kiti cha muziki tunachezea makreti, na mtoto anayekosa kreti anapewa plastiki ya mapovu aipasue pembeni ili asahau uchungu. Halafu mwisho kabisa, watoto wakishachoka kupiga kelele na wakaanza kupiga mayowe, ndipo linapoletwa furushi.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Zawadi moja inafungwa matabaka kwa matabaka. Watoto wanakaa duara, furushi linapita mkono kwa mkono, na redio inaimba. Redio ikizimwa, aliyelishika anabandua tabaka moja tu, anakula pipi iliyofichwa humo, na furushi linaendelea na safari. Atakayebandua tabaka la mwisho ndiye mwenye zawadi. Kisu hakiruhusiwi, na mkubwa haruhusiwi kusaidia. Hizo ni sheria za Shangazi, na Shangazi kwa sheria ni kama alivyo kwa kamba.

Kwingineko mchezo huu unaisha watoto wakiwa bado na midomo mitamu. Kwetu kuna mwaka uliisha kesho yake. Kuna mwaka haukuisha kabisa: mtoto aliyekuwa nalo alipitiwa na usingizi, akabebwa nalo nyumbani, na leo kijana huyo ana ndevu na bado analikalia lile furushi akivaa viatu. Ndani kuna nini, hajui. Anasema alishazoea.

Na watoto walikuwa wanaupenda mchezo huo ajabu. Walikuwa wanang'ang'ana, wanang'ata, wanacheka hadi wanaanguka, na katikati yao Shangazi akizunguka mikono nyuma, uso umemkunjuka. Hakujaliwa mtoto. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe anasema wazi, wala haombi kuonewa huruma. Lakini siku hiyo moja ya mwaka watoto wote wa ghala walimwita Bibi Fundo, wakamng'ang'ania sketi, na yeye aliishi mwaka mzima akiingojea. Ukimkuta katikati ya mwaka amekaa kimya anatabasamu peke yake, usimwulize, anawaza michezo.

Halafu tukaletewa meneja mpya. Si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka. Anakula ndizi akitembea, anasema "nimekuelewa" kabla hujafungua mdomo. Sherehe ya kwanza aliyoikuta, alisimama kando ya duara akiangalia saa mpaka akakata tamaa akaenda kulala ndani ya gari. Mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya Krismasi, alikuja mezani kwa Shangazi. Mimi nilikuwa naleta sinki lililorudi, nikasikia yote.

"Mama, heshima yako iko palepale," alisema. "Lakini mchezo ni kitu chenye mwisho. Mwaka huu watoto wasipoiona hiyo zawadi kabla juisi haijaisha, mwakani michezo yote naikabidhi kwa mtu wa maputo."

"Mtu wa maputo ni nani?"

"Anapuliza puto, analikunja hivi na hivi, linakuwa mbwa."

Shangazi alifikiri. "Halafu?"

"Halafu basi, Mama. Ni mbwa."

Alikwenda zake na ndizi yake. Shangazi alibaki ameshika kamba mkononi bila kuivuta, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "nifundishe kufunga vibaya."

Nilidhani anatania. Jumapili ile baada ya mchana nikamkuta jikoni kwake ameshatandika meza: karatasi ya kaki, selotepu, kamba ya katani na kipande cha sabuni cha kujifunzia. Amevaa miwani. Nikaona aibu, lakini pia, niseme ukweli, nikavimba kichwa kidogo. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniomba nimfundishe kitu.

"Somo la kwanza," nikasema. "Usikunje pembe. Iachie tu ijifie."

Akaiachia. Mkono wa pili ukaja wenyewe, polepole, ukaikunja.

"Shangazi!"

"Sikuikunja mimi. Imejikunja."

Nikamwambia afumbe macho. Akafumba, akafunga ile sabuni, na alipomaliza nilichukua muda mrefu kuipata ilipo. Nikamwambia atumie mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kushoto alitoa fundo ambalo sijaliona ghalani wala popote, zuri kama ua, halifunguki kwa meno wala kwa maombi. Nikamwuliza limetoka wapi fundo hilo. Akasema mkono wake wa kazi ni wa kushoto tangu utotoni, ule wa kulia aliuzoeza tu asije akawatisha wenzake.

"Basi fikiria una hasira," nikasema. "Fikiria mzigo ni wa Meneja."

Hapo nilikosea kabisa. Mzigo wa Meneja tuliishia kuutupa.

Magharibi ilipokaribia alivua miwani akajifuta macho. Hakuwa analia kwa kelele. Yalikuwa yanatoka tu. "Mwanangu, mikono hii haijui njia nyingine," alisema. "Wataletewa mbwa wa hewa. Watanisahau. Mtoto akipata mbwa wa hewa atamkumbuka nani?"

Nikaanza kuokota vipande vya kamba chini. Kisha mwenyewe akapiga meza. "Nimejua. Funga wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Na zawadi uinunue wewe, na usiniambie ni nini. Nikijua kilichomo, mikono itajua kinavyotaka kufungwa, nitashindwa kujizuia."

Basi siku moja kabla ya sherehe, kazi ilipokwisha na wengine wakiwa wanabadilisha nguo, nililifunga furushi mezani kwake. Yeye alisimama ameelekea ukutani. Nilipochana karatasi kwa meno aliguna. Nilipobandika selotepu juu ya pipi alishika tama. Nilifunga matabaka machache, yote hovyo, kwa moyo wangu wote, na kilichotoka hapo kilifanana na kitu kilichokanyagwa. Kisha akageuka, akalitazama furushi lile mwanzo mwisho, akalichora fundo lake dogo juu.

"Si lazima uliandike la kwako," nikamwambia.

"Michezo ni ya nani? Aibu ni yangu." Akachukua mkoba, akanivuta mkono tukatoka, maana aliogopa akibaki nalo peke yake atalirekebisha.

Kesho yake asubuhi mimi na yeye tulikwenda kuchukua juisi na mikate. Nyuma yetu wafungashaji walikuja kupamba ghala. Wa kwanza kufika alikuwa Mrefu, ambaye kichwa chake kinagusa taa, baba wa kibinti kimoja tunachokiita Kibogoyo kwa sababu ya pengo la meno yake ya mbele. Mrefu akapita mezani. Akaona kitu kile. Akaona alama ya fundo. Moyo ukamwanguka, hivyo ndivyo alivyonisimulia baadaye. Akaangalia kushoto na kulia, akachukua kaki, kamba na pipi ya kuficha humo, akakifunga upya kwa heshima zote, akaenda kutundika maua ya karatasi bila kumwambia mtu.

Haikutosha. Vipande vya kaki yangu vilikuwa bado vinachungulia pembeni. Akaja wa pili, akaona, akamsitiri Mama. Akaja wa tatu. Akaja Kimya, mzee asiyezungumza zaidi ya salamu, akatumia mikanda ya plastiki ya kufungia masinki. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kila mmoja, kwa kuwa furushi sasa lilikuwa na mashaka ya pembe hii au ile, aliongeza tabaka lake na pipi yake kwa mapenzi. Wengine walirudi mara ya pili wakidhani walilegeza. Sisi tuliporudi na ndoo kubwa ya juisi yenye koki, watoto walikuwa wameshajaa, na hatukupata nafasi ya kuchungulia mezani.

Michezo ilianza vizuri. Mbio za magunia alishinda mtoto aliyeanguka mapema akabiringika hadi mwisho, na baada ya mabishano Shangazi akaamua kwamba kubiringika hakukukatazwa. Kwenye kuvuta kamba pande zote mbili zilishinda, kwa sababu kamba ilikuwa imezungushwa kwenye nguzo na hakuna aliyegundua. Shangazi alikuwa kijana siku ile. Aliwakimbiza, akawatenganisha, akawapangusa pua. Mara moja alinipitia karibu akanifinya. "Leo tunamaliza kabla juisi haijafika nusu," akaninong'oneza.

"Lete furushi!" akaamuru.

Mrefu na Kimya wakatoka nalo nyuma ya rafu. Walikuwa wamelipakia kwenye kitoroli. Lilikuwa kubwa kuliko friji. Lilikuwa zuri, jamani, nisiseme uongo. Pembe zimenyooka, mafundo yamekaa mstari, mikanda inang'aa, na juu kabisa kuna lile fundo dogo la kuchora ambalo kila mmoja alikuwa amelirudishia kwa mkono wake, limepinda kidogo kwa kunakiliwa.

Watoto walishangilia hadi njiwa wa darini wakaruka. Shangazi alinitazama. Nikatikisa kichwa. Nikatikisa tena. Akalitazama furushi, akawatazama wafungashaji wake waliokuwa wamesimama wamejipanga, nyuso zimejaa upendo, kila mmoja akijifanya hajui kitu.

"Haya," alisema Meneja, akijimiminia bilauri ya kwanza ya juisi. "Tuanze."

Furushi halikubebeka. Watoto waliweka mabega, wakasukuma, halikwenda. Ikabidi mchezo ugeuzwe: badala ya furushi kuwazunguka watoto, watoto walizunguka furushi. Kimya alikaa na redio akiwa ameupa mgongo mchezo, kama sheria inavyotaka, ili asimpendelee mtu. Redio ikaimba, watoto wakazunguka, redio ikazima, aliyekuwa mbele ya mkanda akaanza kushughulika.

Alishughulika wee. Wenzake walikaa chini kumsubiri. Mmoja akaenda chooni, akarudi, akapiga usingizi kidogo. Mkanda ulipokatika kwa kusuguliwa na chuma cha mkanda wake wa suruali, wote wakapiga makofi, na mtoto akapata pipi yake huku jasho linamtoka kama aliyebeba tofali. Meneja alikwenda kwenye ndoo, akainama, akaangalia juisi imebaki kiasi gani. Alipenda sana kuinama pale.

Tabaka la pili lilipotoka Shangazi alilipokea, akaligeuza mkononi. Anawajua watu wake kwa mafundo kama wewe unavyomjua nduguyo kwa kikohozi.

"Hii ni kamba ya Kimya," akasema polepole. La tatu: "Na hii pembe ni yako, Mrefu. Unapenda kukunja mara mbili." Aliendelea kuyapokea tu, moja baada ya jingine, na kila tabaka lilikuwa na mtu wake. Kisha akamwita Mrefu pembeni, nami nikasogea.

"Mmefanya nini, baba?"

Mrefu akainamisha kichwa, na kwa urefu wake hiyo ni safari. "Tuliliona asubuhi, Mama. Tukadhani mikono yako imechoka. Tukasema watoto wasije wakaona."

Ilimuuma. Niliona inavyomuuma. Kosa lote lilikuwa langu na la hesabu zetu za jikoni, ila mbele ya watu wake yeye alikuwa ameshakuwa mzee asiyeweza kukunja karatasi, na wao walikuwa wameshamsamehe. Nilitaka kupasua ukweli palepale. Shangazi akanikanyaga mguu.

"Ahsanteni," akamwambia Mrefu. "Mmefunga vizuri."

Nilitamani kisu. Kilikuwa mfukoni, nilikigusa. Ningeweza kulichana lile dude kwa mpigo mmoja kama samaki, zawadi ikatoka, mtu wa maputo akabaki kwao. Shangazi aliona mkono wangu. "Thubutu," akasema. Nikautoa mkono.

Sasa juisi ilikuwa imefika robo, na furushi lilikuwa bado refu kuliko Kibogoyo. Mrefu, ambaye nilikuwa nimemnong'oneza habari ya Meneja na maputo, akaenda kuwanong'oneza wenzake. Wakapeana macho. Wafungashaji wakiwa na shida wanajua dawa moja tu. Wakatoweka nyuma ya rafu kimya kimya, na ndoo ya juisi ikatoweka nao.

Ilirudi imefungwa. Kaki, plastiki ya mapovu, kamba za msalaba, mikanda miwili, koki imezungushiwa selotepu hadi ikawa kama goti lenye bandeji. Wameiweka palepale mezani, wakaipamba na ua la karatasi. Meneja alikuja na bilauri yake, akaitafuta koki kwa vidole. Akaizunguka ndoo. Akaigonga.

"Nani amefanya hivi?"

"Juisi haijaisha, bosi," Mrefu akasema, akiangalia dari. "Iko. Haitaisha leo."

Nilicheka hadi nikashika rafu. Meneja alivua koti. Alivuta kamba, ikakaza zaidi. Alisema maneno ambayo kwenye sherehe ya watoto hayasemwi, ikabidi Kimya aongeze sauti ya redio. Tulikuwa tumeshinda, kwa dhuluma kidogo lakini tumeshinda: juisi isingeisha hadi mwaka mpya, na watoto wangekuwa na muda wote wa dunia.

Ndipo Kibogoyo akatoka kwenye duara. Alikuwa amekimbia mbio za magunia, amevuta kamba, amezunguka furushi tangu saa ile, midomo imemkauka nyeupe. Akamshika Shangazi sketi.

"Bibi Fundo, nina kiu."

"Vumilia kidogo, mama," Mrefu akamwambia binti yake, na akamkonyeza Shangazi.

Shangazi alimtazama yule mtoto. Akalitazama furushi, lile la kwake na si la kwake. Alijua anachokipoteza, na mimi nilijua, na ndiyo maana nikaacha kucheka. Akaenda mezani, akamsogeza Meneja kwa kiwiko, akatia kidole chini ya kamba moja, akavuta. Sijui alivuta nini. Aliwafundisha yeye wafungashaji wale, alijua pa kuvuta. Kamba, mikanda, mapovu, vyote vikaanguka chini kwa pamoja kama nguo, ndoo ikabaki uchi.

"Watoto! Njooni mnywe!"

Wakaja kwa kishindo. Walikunywa kwa bilauri, kwa vifuniko, kwa viganja. Mrefu aliziba uso. Koki ikakohoa, ikatoa matone, ikanyamaza. Meneja akaiinamia mara ya mwisho, na safari hii hakuonekana kuipenda hiyo kazi.

"Imeisha, Mama," akasema kwa upole. Nimeshasema si mtu mbaya.

"Nimeona."

"Nilishasema, na neno langu..."

"Nimeelewa, Meneja. Mwakani mlete huyo mtu wako." Alikunja kitambaa cha kichwani, akakikunjua, akakikunja. Nikasogea nimshike, naye akanipita akaelekea kwa watoto, waliokuwa wamesharudi kwenye furushi kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu kwao hakuna kilichotokea.

"Bibi, ndani kuna nini?" Kibogoyo akamwuliza.

"Sijui, mwanangu." Akasita. Nadhani lilikuwa jambo jipya kwake kulisema. "Kweli sijui."

"Basi ingia tutafute."

"Mimi ni msimamizi."

"Si wamekutoa?" Mtoto hana adabu ya kuzunguka. "Tumesikia. Ingia."

Shangazi hakuwahi kuucheza mchezo huo. Alipokuwa na umri wa Kibogoyo alikuwa ameshaanza kufunga vifurushi vya watu sokoni, na Krismasi ndiyo siku iliyokuwa na kazi nyingi. Akavua viatu, akaingia kwenye mstari katikati ya Kibogoyo na mtoto mwingine, redio ikaimba, na mama yule mzima akaanza kuzunguka furushi akirukaruka.

Na kwa kuwa sasa alikuwa mchezaji, alinong'ona. Msimamizi hapendelei, lakini mchezaji mdomo ni wake. Redio ikizima anamwinamia mtoto sikioni: vuta hapo, chini ya kona, hapana, huo mwingine. Mtoto anavuta, na tabaka la mtu mzima linaporomoka. Watoto walipagawa. Karatasi zikawafikia magotini. Wafungashaji walitazama kazi zao zikianguka moja moja na kushangilia, Kimya akaimba na redio yake, kwa sauti, tukashangaa kumbe anaimba vizuri. Hata Meneja alikaa kwenye kreti, akasahau kuangalia saa.

Furushi likapungua hadi likabebeka, wakakaa chini, likaanza kupita mkono kwa mkono kama inavyotakiwa. Mwishowe ikatokea kaki yangu. Redio ikazima, nalo lilikuwa mapajani kwa Shangazi.

Kimya alikuwa ameelekea ukutani. Nilimwangalia vizuri.

Shangazi aligusa tu, karatasi ikafunguka yenyewe, matabaka yote kwa pamoja, pipi zikamwagika. "Nani amefunga hivi?" Kibogoyo akauliza kwa mshangao mkubwa.

"Mjinga mmoja ninayempenda sana," Shangazi akasema. Ndani kulikuwa na tarumbeta la plastiki, jekundu. Akalishika kwa ncha za vidole, kisha akampa Kibogoyo.

Kibogoyo akaficha mikono nyuma. "La kwako. Redio ilizima kwako."

"Mimi mtu mzima, mama. Chukua."

"Sheria," wakasema watoto wengi kwa pamoja, na kwa ukali. "Puliza, Bibi!"

"Siwezi kupuliza."

"Fanya mashavu hivi," Kibogoyo akamwonyesha, akiyatunisha. Shangazi akatunisha mashavu. Akaweka tarumbeta mdomoni, akavuta pumzi, akapuliza, na ikatoka sauti mbaya kuliko yoyote niliyowahi kuisikia, kama mbuzi aliyekanyagwa na lori. Wafungashaji walikunja nyuso. Watoto walianguka chini kwa furaha.

"Umekosea!" wakapiga kelele. "Tena, Bibi! Tena!"

Akatazama huku na huku, machozi yanamtiririka, anacheka. Akapuliza tena, vibaya vilevile, nami nikainama kuokota karatasi ili mtu asinione uso.